Siku Niliyojishona kwenye Gauni la Bibi Harusi

Aibu hii nnakuhadithieni mwenyewe kwa sababu najua wengi wenu mshaiona kwenye simu, ile video ya mwanamke wa buibui anakokotwa kanisani miguu mitupu nyuma ya bibi harusi, na kila mtu ana tafsiri yake. Mwanamke yule ni mimi, Zuhura, fundi cherehani wa Michenzani, na kilichonikokota ni uzi wangu mwenyewe.

Bibi harusi ni Adelina, sisi tunamwita Ade, binti wa Magreti aliyekuwa jirani yangu mlango kwa mlango. Magreti alifariki Ade akiwa darasa la tatu, na kabla hajafa aliniomba nimlee mwanawe na nisimwachishe kanisa. Nikamlea. Kila Jumapili namsuka, namvisha, namfikisha mpaka mlango wa kanisa huko Mji Mkongwe, halafu nakaa nje barazani nashona vifungo mpaka watoke (ndani sikuwahi kuingia, si kwamba nilikatazwa, niliona tu si pahala pangu). Naye Ade, mwezi wa Ramadhani, ndiye mwenye kunikunia nazi na kunikumbusha futari inaungua. Tukaishi hivyo, mimi na msala wangu wa kusalia, yeye na rozari ya mama yake, na hakuna aliyemtaka mwenzake abadilike.

Harusi ilipokaribia akaja mjomba wake, Benedikto, kaka wa marehemu, kutoka Bara. Akaniambia kwa adabu, siwezi kusema alinitukana, kwamba mwenye kumwingiza bibi harusi kanisani ni mama, na watu wa kwao watashangaa wakimwona mama wa dini nyingine, basi ataingia naye mkewe. Nikamjibu haya, sawa, nami nitakaa nyuma karibu na mlango. Ade alitaka kubisha, nikamkanya. Lakini ile haya niliitoa mdomoni tu, moyoni haikuwemo, na gauni lake la harusi nilimalizia kulishona huku macho yananiwasha.

Siku yenyewe tumefika mlangoni, kwaya ishaanza kuimba, mke wa mjomba akaukanyaga mkia wa gauni, bitana ya ndani ikachanika ikawa inaburura chini. Wakashauri tumpeleke chumba cha pembeni alivue, nami kwa ujuaji wangu nikasema hapana, nashona hapa hapa. Neno hilo moja ndilo lililonimaliza. Nikavua viatu (mazoea ya msikitini, miguu yangu ikiona mlango wa nyumba ya ibada inavua yenyewe), nikakaa kitako kwenye ngazi, nikaupakata ule mkia, nikashona mbio mbio kwa uzi uliokunjwa mara mbili, maana kazi yangu haifumuki, hilo hata wasionipenda wanakiri. Nikafunga fundo, nikakata, nikaweka mkasi chini, nikamwambia nenda mwanangu.

Akaenda, na mimi nikaenda. Pindo la buibui langu nilikuwa nimelishona pamoja na bitana yake, na kabla sijafahamu nini kinanivuta nshaingia kanisani, nimeinama, mkono mmoja umeshika buibui lisinivuke na mwingine unatafuta uzi niukate, mke wa mjomba ananitolea macho, na watu pande zote mbili wamesimama na simu zao juu. Nikajaribu kuukata kwa meno, nikainama zaidi, nikamsikia mtu ananong'ona kwamba tazama, mama wa watu anasujudu. Nikatamani ardhi inimeze pamoja na gauni zuri lile nililolishona.

"Mama, mbona unanivuta?" Ade akaniuliza bila kugeuka.

"Sikuvuti," nikamwambia. "Nimejishona."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Lakini hakusimama, akapunguza mwendo tu ili nami niweze kunyanyuka nikatembea kama mtu. Tukafika mbele. Padri akanitazama uso, akaitazama miguu yangu mitupu, akauliza mama huyu ni nani. Mjomba Benedikto akanyanyuka kuniombea radhi, akasema ni fundi, kuna mkasi uko nje, atatolewa sasa hivi.

Ade akamgeukia. "Mjomba, mkasi ungoje. Padri, huyu ni mama yangu."

Wale wanawake wa Michenzani, Waislamu kwa Wakristo, waliojaa viti vya nyuma, wakapiga vigelegele mpaka kwaya ikapotea njia. Padri akaagiza niletewe kiti. Nikakaa hapo mbele, nimeshonwa pamoja na mwanangu, mpaka akaapa na kuvishwa pete, na nilimwombea kwa Mola wangu kwa maneno yangu ninayoyajua, na sikujiona nimepungukiwa na kitu.

Mkasi ulikuja baadaye. Tulipofika Bububu kwenye karamu, Adhuhuri ishaingia, nikawa naangaza macho nipate pembe ya kusali. Mjomba Benedikto akaniona. Akaja, akaniuliza mkisali mnaelekea wapi, nikamwonyesha, na mzee yule na suti yake akavuta meza mbili kwa mikono yake, akatandika kitambaa kipya cha meza, akasimama kwa mbali kuzuia watu wasipite mbele yangu. Nilipotoa salamu ya kumaliza sala bado yupo.

"Dada, mapenzi yenu haya ya mama na mwana sikuyajua," hakusema hivyo, msimtie maneno mdomoni kama wanavyofanya wengine. Alichosema ni kifupi: "Dada Zuhura, nilikosea. Twende ukakae na mwanao."

Niliporudi Michenzani nikakutana na maswali, mmoja ananiuliza nimebatizwa lini, mwingine eti nasikia umeolewa kanisani. Nikawajibu wote kwamba nimemwoza binti yangu, na asiyeridhika akamuulize Ade. Ila nimekula kiapo mbele ya cherehani yangu: nguo ya mtu siipakati tena nikiwa nimevaa buibui. Ade kanambia mdogo wa mumewe anaolewa mwakani na kazi ya gauni ni yangu, basi nitakwenda, nitaingia kwa mlango kwa miguu yangu, na nitakaa mbele.