Shujaa Aliyeamka Bila Kukaribishwa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwamsha shujaa na kumpa hotuba kabla sijampa kahawa.

Shujaa mwenyewe si wangu. Alitoka kwenye kitabu cha katuni cha wakati wa vita vikuu vya pili, ambacho babake bibi, karani wa bandari Unguja, alipewa na baharia. Shujaa huyo alikuwa na koti refu na kiganja kinachosimamisha risasi. Bibi alikuja na kitabu hicho Maskati kikiwa hakina kurasa za mwisho, na tangu utotoni mwangu namsikia akilalamika kwamba hajui yule mtu aliishia wapi. Nikamwahidi bibi kumfufua shujaa wake.

Kuchora nimejifunza mwenyewe, kwa video za mtandaoni, na labda ndiyo maana siuamini mstari wangu hata mmoja. Katika katuni yangu shujaa amelala tangu vitani, anaamka ufukweni Yiti, nje ya Maskati, na kuingia mjini kwa miguu. Anakuta kila mtu ameinamia simu. Anakuta vita bado vipo, ila sasa watu wanavitazama huku wanakula. Ukurasa baada ya ukurasa anaisuta dunia. Ukweli ni kwamba aliyekuwa akisuta ni mimi. Sikuwa na kazi, nilihofia kila kitu, na kuwalaumu watu kwenye karatasi ni rahisi kuliko kutoka nje ukakutana nao.

Hata hivyo sikumwonesha bibi. Kile kiganja kilikuwa hakijakaa sawa. Nilikifuta mpaka karatasi ikatoboka. Wakati huo macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na daktari ameshampangia upasuaji. Aliuogopa. Alitaka kumwona shujaa wake kwanza, isije ikawa ndiyo basi.

"Mume wangu," alinitania kama kawaida yake, "katuni yangu iko wapi?"

"Bado mkono, bibi."

"Mkono mbaya ntauona. Usiochorwa ntauonaje?"

Ijumaa moja, baada ya chakula, nikampa kurasa. Akazisogeza karibu na pua, ameshika kioo chake cha kukuzia.

"Joto hili, na koti la sufu? Shujaa gani huyu, hana akili!"

Mama akacheka.

"Na hapa kafika wapi?"

"Maskati."

"Maskati hii hii? Kapita milango yote hii, asiwepo hata mmoja wa kumwambia karibu?"

"Ndiyo maana yake, bibi. Dunia imebadilika."

"Yule fundi wa kiyoyozi aliyekuja jana, nani kampa kahawa na tende?"

"Mimi."

"Ulikuwa unamjua?"

"Hapana."

"Basi huyu shujaa kakukosea nini?"

Nilikuwa nimechora mji mzima, nikajisahau mimi mwenyewe na dele la kahawa mkononi.

Nikarudi mezani. Lawama za shujaa sikuzifuta zote, kwa sababu nyingine ni za kweli. Niliongeza kurasa za mwisho. Shujaa anakaa mkekani kwa watu asiowajua, anauliza kama vita vimekwisha, na hakuna anayeweza kumjibu. Wanamtilia kahawa. Kwa kuwa hajui kwamba huku aliyetosheka hutikisa kikombe, anaongezwa, anaongezwa tena, na mkono ulioshika kikombe umepinda kidogo. Niliuacha hivyo hivyo, maana upasuaji ulikuwa kesho yake.

Jioni hiyo nikampa bibi kurasa hizo, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Mwambieni atikise! Jamani, mwambieni, atapasuka huyu!"

Sasa anaona vizuri. Alipoishika tena katuni, alikwenda moja kwa moja kwenye ule mkono. "Kumbe kweli mbaya," akasema, akafungua ukurasa unaofuata. Namshukuru kwa kusema hivyo, na kwa kuendelea kusoma.

Siku hizi namwonesha ukurasa kabla sijaumaliza, na kengele ya mlango ikilia, nafungua mimi.