Pole ya dereva nimeigeuza ushahidi

Nilipoteza mguu wangu wa kushoto, chini ya goti, mwaka jana wiki ile shule zilifunguliwa. Admin, nifiche jina, Malaba ni ndogo. Nina miaka 41, mjane, watoto watatu. Nilianza na vitenge viwili mkononi, leo nina duka, na hakuna mtu alinisaidia.

Siku hiyo nilipanda bodaboda, foleni ya trela za kuvuka mpaka ilikuwa ndefu na mteja wa sare za harusi alikuwa ananingoja. Kijana aliyenibeba akasema, "Mama, tungoje kidogo, upande ule magari yanakuja."

Nikamcheka. "Kwani hii pikipiki umeazima kwa mamako? Pita! Kila mtu hupita huko."

Akaipita foleni kwa upande wa magari yanayokuja. Pikapu ikatokea mbele yetu. Yeye aliumia mkono, mimi mguu ukakatwa.

Mimi hupima nguo kwa macho na sikosei. Nikiwa nimelala pale lamini niliona alama za breki. Kitenge kizima ni yadi sita, na zile alama hazikufika nusu yake. Gari likiwa mbio halisimami kwa alama fupi hivyo.

Siku ya tatu dereva wa ile pikapu, mzee wa Butula, alikuja wodini na mkewe, wamebeba sukari na kuku wa kupikwa. Akavua kofia. "Dada, unisamehe. Haya yamekupata mbele ya gari yangu, siwezi kukaa nyumbani kama mtu asiyejua." Kwetu ni hivyo, uwe na kosa usiwe nalo, unaenda kusema pole. Yule kuku nilimla.

Halafu wakili niliyemchukua nidai fidia akaniuliza, "Alikuomba msamaha?" Nikasema ndiyo. "Na nyinyi mlikuwa upande wenu wa barabara?" Nikasema ndiyo. Ikaandikwa kwamba mzee aliendesha kwa kasi, ovyo, bila kujali maisha ya watu, na kwamba alikiri kosa hospitalini. Nikatia sahihi. Yule kijana wa bodaboda ndiye shahidi wangu, na yeye pia anaogopa kusema tulikopita.

Mwajiri wa mzee amemsimamisha kazi. Wiki jana mkewe aliingia dukani, hakukaa. "Mama, mzee anauliza, yule kuku alikuwa na makosa gani?" Akatoka. Nilikata kitambaa cha mteja vibaya, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa.

Wakili anasema nikibadilisha maneno sasa naweza kukosa kila kitu. Na mguu umeenda kweli, hiyo si uongo. Nani atanilipa, foleni?

Alhamisi saa tatu asubuhi naapishwa kortini. Msiniambie nimwachie Mungu, si yeye alisema tupite upande ule. Niseme ukweli nirudi nyumbani na mkongojo tu, ama ninyamaze mzee wa watu abaki na jina la dereva ovyo? Nishaurini kwa neno moja: niseme, ama ninyamaze. Mwisho ni Jumatano saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo sisomi.