Futari ya Angani

Simu yangu iliniambia yote niliyotaka. Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita mia nane na ushei; kwa ndege, saa moja na nusu hivi. Nikapiga hesabu zangu palepale: tukiondoka baada ya Alasiri, Magharibi itatukuta angani, mama atafuturu, tutashuka ameshapata nguvu. Nilijiona mjanja kweli.

Mama alikuwa akimlipia kaka yangu saumu za Ramadhani. Kaka aliugua akashindwa kufunga, akapata nafuu, akasema atalipa. Hakuwahi. Alifia hukohuko Mwanza kazini kwake. Kwetu mzazi anaweza kumfungia mwanawe, na mama aliishika kazi hiyo kwa meno. Siku ya safari ilikuwa ndiyo ya mwisho iliyobaki, na Ramadhani nyingine ilikuwa inabisha hodi.

"Si uimalize kesho, mama, tukishafika kwa mjane wake?" nilimwuliza asubuhi, tukiwa bado nyumbani Kerege, Bagamoyo.

"Kesho umepewa wewe?"

Basi. Nikafunga tende kwenye leso, tukaenda.

Ndege haikumtisha, ingawa ndiyo mara yake ya kwanza kuipanda. Alikaa dirishani, tasbihi mkononi, midomo imemkauka. Mimi macho kwenye saa. Wakati wa Magharibi ya nyumbani ulipoingia nikafungua leso.

"Bismillahi, mama. Wameshaadhini."

Akatazama nje, kisha akanitazama mimi.

"Wameadhini wapi?"

"Bagamoyo."

"Mimi niko Bagamoyo? Jua lile pale, linanitazama. Rudisha tende zako."

Loo! Nikainama kuchungulia, na kweli, jua limesimama jekundu, wala halina haraka. Tulikuwa tunaelekea lilikokwenda, tunalifukuza. Simu haikuniambia hilo, na mimi sikuwa na akili ya kulifikiria.

Mhudumu wa ndege akaleta maji. Mama akamshukuru, asiyapokee; nikamwekea mimi. Mimi hasira zikanipanda, nikasema kwa sauti mpaka wa mbele yetu akageuka: "Mama, unataka kuniangukia humu ndani? Mungu hataki ujiue!"

"Punguza sauti. Nimeshinda kutwa nzima, nishindwe na kipande hiki?"

Nilibaki nimeshika tende, nalikodolea macho jua na kulisihi moyoni lishuke. Sijawahi kulichukia jua namna ile.

Ndege ilianza kuteremka. Ziwa likaonekana chini, jua likagusa vilima vya ng'ambo, likapungua, likabaki ukucha tu. Hata lilipokwisha kabisa mama alingoja kidogo, ahakikishe. Ndipo akanyoosha kiganja.

Alisoma dua yake, akamtaja kaka kwa jina, akala tende moja taratibu, akanywa maji yote. Nikapumua.

"Alhamdulillahi, mama," nikasema. "Umemaliza. Umemlipia zote."

Nilidhani atatabasamu. Akaiweka kokwa kwenye leso, akaikunja leso, machozi yakaanza kumtiririka. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilia.

"Nimemaliza," akasema. "Sasa nitamfanyia nini tena?"