Bia ya Soazara na Pua ya Fundi Mroivili

Kila neno lililo hapa ni kweli tupu, na mwandishi hakuapa bure. Kabla ya kukaribishwa uani kwa Soazara alikubali sharti la mwenye nyumba: kila uongo atakaonaswa nao ataulipia kwa kuosha chupa kumi.

Saa kumi na mbili asubuhi, Andoany, kisiwani Nosy Be. Soazara, mama wa miaka sitini na miwili, anapuliza moto chini ya sufuria la lita ishirini. Maji ya kimea yanaanza kutokota. Mkononi ana mfuko wa hopi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Umebaki nusu.

"Hizi zikiharibika, basi mpaka mwakani," anasema. "Hopi haioti huku. Inaletwa na mabaharia, na baharia hana tarehe."

Miaka ishirini na mitatu Soazara alifua nguo za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Mshahara wa mwisho haukufikia bei ya gunia la mchele. Kiwanda kilipofungwa akapangisha chumba, na mpangaji wake, Mfaransa fundi wa injini za boti, akamfundisha kupika bia kali kidogo kidogo. Kisha akang'oa nanga, akamwachia ndoo yenye kifuniko na mfuko wa hopi.

"Aliniambia nichemshe saa nzima, nikachemsha saa nzima. Hakuniambia kwamba harufu haina subira."

Kosa lake lilikuwa la mtu wa Nosy Be hasa. Utotoni alichuma maua ya langilangi, na kila mtoto wa kisiwa hiki anajua kwamba ua hilo likichemshwa kwa ajili ya mafuta, harufu bora hutoka mwanzo. Basi na hopi akazimimina zote mwanzo.

Siku hiyo mtaa mzima ulinukia. Mbuzi wa mitaa mitatu walipanga foleni langoni. Wiki mbili baadaye chupa moja ikalipuka, kizibo kikapaa hadi bandarini, kikamvua kofia ofisa wa forodha. Chupa zilizosalimika zilikuwa chungu kama kwinini, na harufu hazina.

Madamu Hanta, mwenye nyumba ya wageni kule Ambatoloaka, alionja funda moja akairudisha chupa mezani. "Dawa ninayo, Soazara. Nilitaka bia." Akampa nafasi moja tu tena. Ikishindikana, ataagiza kutoka Antananarivo.

Jirani aliyemwokoa hajawahi kuonja bia maishani mwake. Mroivili ni Mkomoro wa Mahajanga, aliyevukia Nosy Be mwaka 1977, enzi ambazo wengi wao waliuhama mji ule. Alifanya kazi miaka thelathini na mitano kwenye mtambo wa mafuta ya langilangi, akiamua kwa pua yake lini chombo cha kupokelea mafuta kibadilishwe. Pombe hanywi, na uani kwa Soazara haingii. Anasimama nje ya ua wa makuti. Wenyewe huongea Kisakalava, Kikomoro kikichungulia hapa na pale.

"Zoky," alimwita, yaani dada mkubwa, kwa heshima, "siku ile ulipika nini? Harufu ilinifikia nzima nzima."

"Bia, Fundi."

"Kama ilifika kwangu, kwako ilibaki nini?"

Soazara akafungua chupa moja, akainusa.

"Sisi mvuke tunaukamata kwenye bomba. Wewe unawagawia majirani. Toa moto kwanza, ndipo utie maua."

"Na uchungu utatoka wapi?"

"La mdomoni usiniulize. Mimi nakujibu la puani."

Ndiyo maana asubuhi hii hopi zimegawanywa kwenye sahani mbili. Ya kwanza inaingia mara sufuria linapochemka, kwa ajili ya uchungu. Ya pili inasubiri saa nzima. Saa inatimia, Soazara anavuta kuni nje, anamimina, anafunika upesi na kukandamiza mfuniko kwa jiwe.

"Fundi, unanusa nini?"

Nje ya ua, pua inavuta hewa. "Sinusi kitu."

Soazara anacheka peke yake. Bia ikipoa anatia hamira, kisha ndoo inakaa ndani ya beseni la maji, imevikwa gunia bichi, maana joto la kisiwa huiharibu.

Wiki tatu baadaye Madamu Hanta alifungua chupa, akainusa kwa muda mrefu kabla ya kuonja. "Niletee thelathini kila mwezi. Hopi nitaagiza mimi."

Soazara sasa anataka sufuria la pili, ili apeleke kreti Mahajanga, kwenye mgahawa wa mdogo wake mtaa wa Tanambao. "Wakiionja kule, hawatauliza imetoka wapi. Watauliza inakuja lini."

Kabla simulizi hii haijachapishwa, Soazara alitaka asomewe.

"Mbuzi wa mitaa mitatu? Walikuwa wawili, na ni wangu."

Mwandishi akakohoa.

"Na kizibo kiliangukia paa la choo. Ofisa wa forodha umemtoa wapi?"

"Zoky," sauti ikatoka nje ya ua, "mtamboni nilikaa miaka thelathini na miwili. Mwongezee."

Uongo mara tatu, chupa thelathini, na oda ya kwanza inatakiwa Jumamosi. Mroivili ananusa kila chupa kupitia upenyo wa makuti. Tisa amezirudisha. "Hii ina samaki," anasema.

Hadi tunakwenda mitamboni, mwandishi alikuwa amebakiza chupa kumi na moja.