Kopo la Aiskrimu Kwenye Friji

Mwezi wa kwanza wa korona sikuweza kukaa kitako. Nilitoka dirishani nikaenda kwenye friji, nikatoka kwenye friji nikarudi dirishani. Hayes yote, mtaa wetu wa London, ilikuwa kimya, hata ndege za Heathrow hazikusikika. Ndani ya friji, kwenye kopo la aiskrimu, nilikuwa nimeficha sindano zangu mbili za soriasisi, ugonjwa wangu wa ngozi. Ndizo zilizonisafisha ngozi baada ya miaka ya mabaka, magamba na mashati ya mikono mirefu. Lakini zinafanya kazi kwa kutuliza kinga ya mwili, na wakati ule kila mtu alikuwa anaililia kinga.

Naishi na mama yangu, ana pumu. Mimi nilikuwa bado nakwenda kazini, ghalani, kila siku. Niliogopa kumletea ugonjwa nyumbani. Basi siku ya sindano ilipofika sikujidunga, wala sikumwambia mtu. Mama hakujua hata kama natumia sindano. Kwetu Unguja ugonjwa wa ngozi husemi, watu wataacha kula mkononi mwako.

Baada ya wiki chache ngozi ya viwiko na vidole ilipasuka. Ile jeli ya kusafishia mikono iliniwasha kama pilipili. Msimamizi akaona damu kwenye boksi, akanirudisha nyumbani. Hapo ndipo nilipompigia muuguzi wa kliniki. Akasema sikupaswa kuacha dawa bila kuwauliza. Kama sina homa wala dalili yoyote, nijidunge. Nikaona haya, halafu nikapumua.

Nikafungua friji. Kopo halipo.

"Mama, kopo la aiskrimu liko wapi?"

"Lipi? Nyumba hii ina makopo kumi!"

Kweli, na hakuna hata moja lenye aiskrimu. Hili lina pojo, lile nyama ya kusaga. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na mama alidhani langu ni nyama ya sambusa. Hakulifungua, akalitia kwenye friza. Sindano ziligeuka barafu, na dawa hiyo ikiganda ni ya kutupa.

Nikapiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu, Mungu anisamehe. Kisha nikapandisha mikono ya shati, nikamweleza yote.

Akaviangalia viwiko vyangu. "Unajikuna usiku kucha, ukadhani mimi sisikii?"

"Niliacha kwa ajili yako, mama."

"Nani kakwambia? Mimi usinisingizie, mwanangu. Ungeniuliza."

Nilikuwa nimemlinda mwezi mzima bila kumuuliza chochote.

Sindano mpya zilipoletwa, mama aliondoa siagi na maziwa, akaziweka rafu ya mbele, wazi, bila kopo. Siku ya kujidunga nilishika sindano, nikasita. Akaja na barakoa yake, akanishika kiwiko, pale pale penye magamba.

"Sema bismillahi," akasema, "udunge."