Zuwena na Kahawa za Asubuhi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mizani ya kuning'iniza, kombeo lake la kitambaa, na kalamu. Ilikuwa kliniki ndogo ya mama na watoto, Ibra, huku Arabuni, miaka ya sabini. Skuli nilisoma madarasa manne tu, Unguja. Namba nazijua, Kiarabu cha kuungaunga, basi nikawa mpima watoto. Daktari alinionesha kadi ya ukuaji: ina mistari miwili, na nukta za mtoto anayekua vyema hupanda katikati yake. Chini ya mistari ni utapiamlo. Juu yake hakunambia kitu, wala mie sikuuliza. Mtoto mnene tulimsemea mashallah, tukamfunika asipate jicho.

Nikapelekwa Nizwa, nikarudi Ibra miaka ya themanini. Ndipo nilipoletewa Zuwena, miaka sita, mizani ya watoto haimwezi tena. Akitembea kidogo magoti yanamuuma, anakaa chini. Skuli inakaribia kufunguliwa, na njia ni ya mguu. Mkubwa wetu, Sista Mkuu, alisema akizidi hivi miguu itapinda, na skuli ataisikia kwa wenzake. Nikaambiwa niandike anachokula kutwa.

Asya, mama yake, akataja: mkate kidogo, wali mchana, maziwa usiku. Nikamwambia mbele ya kinamama wenziwe kuwa anaficha. Akalia. Sista Mkuu akaniita chemba.

"Umekwenda kwao?"

"Sijakwenda, Sista."

"Sasa umejuaje?"

Kesho yake nikaenda. Zuwena hayupo, katoka na bibi yake, Bi Thuwaiba. Huku kwetu kinabibi asubuhi hupitiana kahawa, na kila nyumba hutoa sinia ya tende na halwa. Ukikataa umemvunjia heshima mwenye nyumba. Nikawafuata. Kwa Bi Rayya, kwa Bi Zamzam, kwa Bi Moza, kwa Bi Nasra, kwa Bi Shariffa, kila mmoja alimbusu Zuwena na kumtia donge la halwa mkononi. Mtoto kala mara tano adhuhuri haijafika, na mama yuko jikoni hana habari. Nilirudi kliniki nikamwomba Asya radhi mbele ya wale wale kinamama.

Kumwambia Bi Thuwaiba ndiko kulikokuwa kuzito. Nilikwenda kwake, nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya magoti. Familia hii ilirudi kutoka Burundi.

"Nilizika wawili Bujumbura, mwanangu, wembamba kama vijiti," akanambia. "Huyu aliyenenepa ndiye mnataka nimwache nyumbani, nipite peke yangu?"

Akanimiminia kahawa, nami nikabaki kumtazama mikono. Mwenye kushika dalla, yaani birika la kahawa, husimama: dalla mkono wa kushoto, vikombe wa kulia. Hali kitu mpaka kila mgeni atikise kikombe kuwa basi, imetosha.

"Mpe Zuwena dalla," nikasema.

Alicheka mpaka ushungi ukamvuka. "Wewe mpima una hila za mke mwenza."

Lakini alimpa, dalla ndogo, kahawa ya vuguvugu. Zuwena akawa anazunguka nyumba zote tano, kasimama, mikono imejaa, na wenye nyumba wanaona fahari kuhudumiwa. Halwa akaipata nyumba ya mwisho tu. Uzito haukushuka upesi. Ulisimama, yeye akarefuka. Magoti yakatulia. Skuli ilipofunguliwa akaenda kwa miguu yake.

Asubuhi ile ile Bi Thuwaiba akaja kliniki, akaketi benchi la kinamama bila mtoto.

"Mmemfanya mwepesi," akasema, "kanikimbia."

Nikaiacha mizani nikaenda kukaa naye. Baadaye nilihamishiwa Sur, na huko nikastaafu. Malalamiko ya watu niliyasikia mengi katika kazi ile, na mengine nilistahiki. Hilo la Bi Thuwaiba ndilo pekee nililofurahi kuletewa.