Sauti ya Mama Kabla ya Sabato

"Huyu mwanamke ni nani?" Baba aliniuliza.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, nyumbani Manga. Kila Ijumaa jua likikaribia kutua, Baba huifungua Sabato kwa wimbo mmoja tu, ule ambao marehemu Mama aliuongoza katika kwaya ya kanisa letu. Sauti nyingine ya Mama hatuna. Nilikuwa nimeubonyeza kwenye simu yangu, jina la wimbo lilelile, lakini aliyeimba alikuwa mgeni, tena na kinanda juu.

Nilijua papo hapo nilichofanya, mjinga mimi. Mwezi uliopita nilikuwa nimejiunga na huduma moja ya muziki wa mtandaoni. Ikaahidi kunitunzia nyimbo zangu zote, nisijaze kompyuta. Nikazipandisha huko, nikafuta zangu. Hata kadi ya redio ya Baba, iliyokuwa na wimbo huo, niliifuta, nimwekee mahubiri. Mjuaji! Kumbe wimbo wetu haukupokelewa. Waliangalia jina, wakaona wanao wimbo wa jina hilo, wakanipa wao.

"Ni Mama, Baba. Ni netiwaki tu inasumbua." Mungu anisamehe.

"Nimeishi naye miaka yote hiyo, halafu unaniambia mimi?"

Nikatoka nje. Nikampigia mzee wa duka kule Kisii mjini, aliyetutolea wimbo huo kwenye kanda na kuuingiza kwenye kompyuta. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka msikitini. "Pole, mwanangu," akasema. "Ile mashine iliyokuwa na nakala iliungua, na kanda nilimrudishia mama yako mwenyewe." Kanda hiyo tulishaitafuta tangu matanga, haipo.

Jua lilikuwa linashuka. Likishatua, Baba hangekubali nipande boda wala nigonge duka la mtu. Nikakimbia mteremkoni hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akiimba na Mama. Nilimkuta akifunika chakula cha Sabato, nikamweleza huku nahema.

"Ala! Unampeleka mamako kwa watu usiowajua, halafu unafuta wimbo wako?" akafoka. "Shuleni hawakukufunza usiache mbachao kwa msala upitao?"

Akafuta mikono, akatoa simu yake ndogo, mulika mwizi. "Mimi sina wote. Nilikatiwa ubeti mmoja pale Marani sokoni, uwe mlio wa simu."

Ubeti mmoja, nusu dakika hivi. Aliponitumia kwa bluetooth ukakwama mara mbili, nami nilikuwa nikilitazama jua dirishani.

Nilimfikia Baba jua likiwa bado halijazama. Aliposikia tu, akashika meza. "Huyo sasa ndiye," akasema. Kisha ukakatika. "Uliobaki uko wapi?"

"Nimeupoteza, Baba. Ni mimi."

Sabato ikaingia bila yeye kunijibu. Niliumia kuliko kama angenipiga.

Jumapili niliuweka ubeti ule kwenye simu yake, uwe ndio mlio nikimpigia. Nikarudi Kisii, ninakoishi. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Nikadhani bado ana hasira, nikampigia yule mama akamwangalie, kisha nikapiga tena kwa Baba.

"Ameiweka simu sikioni," akaniambia, "wala habonyezi kitu."

Siku hizi Baba hunitumia ule ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Nikipiga, hapokei. Baada ya muda kidogo ujumbe mwingine huingia, nami napiga tena.